Karatasi ya Tatu

Mau Narok
Jumapili, 9 Januari 1955

Kwa mpwa wangu Kimutai,

Pokea salamu za nyumba hii, kuanzia mlangoni mpaka mekoni. Sisi ni wazima. Mke wangu Chepngeno anakusalimu na anauliza kama huko Nakuru mnakula chakula au mnasoma tu. Ngano imevunwa yote. Baridi imeunguza viazi vya upande wa juu, vimekuwa vyeusi kama vimekwisha kupikwa. Ng'ombe hawajambo. Yule mweupe wa nyanya yako alizaa ndama jike juzi, na nyanya yako amempapasa mgongo mpaka mkia akasema huyu atakuwa na maziwa kuliko mama yake. Basi tunangoja.

Sasa jambo lililonikalisha na kalamu. Bwana mzee tuliyemzoea ameuza shamba akarudi kwao. Aliyenunua ni kijana aliyetoka vitani, mguu wake hautulii mahali. Tumempa jina la Bwana Mbio. Chai anakunywa akitembea. Kiswahili chake ni "mzuri sana" na "upesi", basi. Wiki iliyopita karani wa shamba alitusimamisha kwenye zizi la kukamulia akatusomea amri: kuanzia mwisho wa Machi, watakaokaa hapa ni wenye kandarasi, wake zao na watoto wao. Wazee wasio na kazi warudi rizavu, kwao walikotoka. Orodha imekwisha kuandikwa na jina la mama yangu halimo.

Wewe unamjua Kogo, nyanya yako, maana ndiye aliyekulea baada ya dada yangu, mama yako, kututoka. Macho yake yalikwisha kabisa mwaka juzi. Lakini hapa anajua ni hatua ngapi mpaka kisimani, na ng'ombe wake anamkamua mwenyewe kwa kupapasa. Kule rizavu ya Sotik hana ndugu aliyebaki, na mahali palipokuwa na nyumba yake leo watu wamepanda mahindi. Kumpeleka kule ni sawa na kumwacha njiani.

Karani anasema mwenye neno aliandike kwa Kiingereza, maana Bwana hana muda wa kusikiliza watu. Mimi ni nyapara wa maziwa. Kiswahili ninasoma na kuandika kama unavyoona, Kiingereza ni wewe. Muombe kwa niaba yangu amwache mama yangu akae kwangu. Andika vizuri, mpwa wangu. Usitutie aibu.

Ni mimi mjomba wako,
Kemboi arap Sang


Nakuru
23 Januari 1955

Kwa Mjomba wangu mheshimiwa sana, nguzo ya ukoo na kivuli cha wapwa,

Ni kwa moyo uliojaa furaha isiyo na kifani ninachukua fursa hii adhimu kukujulia hali. Mimi niko buheri wa afya hapa mtaani Bondeni, ingawa vumbi la Nakuru linaingia hata kwenye uji. Ofisini kazi ni nyingi. Wakulima wa Kizungu wanakuja kila siku kuandikisha vibarua wao, nami ndiye ninayeshika daftari, chini ya Bwana Nyongesa, karani mkuu wetu. Mwambie Chepngeno kwamba tunakula, ila tunakula tukisoma.

Mjomba, barua ya Kogo ndiyo hii, nimeikunja humu ndani. Ilinichukua jioni nne. Niliipiga kwa taipureta ya ofisi baada ya wengine kutoka, karatasi tatu zilizojaa, hata sisimizi hana pa kupita. Nimenunua kamusi kwa Mhindi mmoja, nene kama tofali, na kila neno fupi nililotaka kuandika nimelitafutia ndugu yake mrefu. Maneno mafupi ni ya wapagazi.

Nikueleze ilivyo, maana utaweka dole gumba, kama kwenye kandarasi, bila kuisoma. Karatasi ya kwanza yote ni salamu: afya ya Bwana, afya ya mama yake popote alipo, mvua, na mifugo yake. Nimefuata mafunzo ya Kogo mwenyewe. Kwetu mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajanywa maziwa, na mwenye shida hasemi shida kabla hajaamkia. Karatasi ya pili ni sifa za Bwana na unyenyekevu wako. Karatasi ya tatu, karibu na mwisho, ndipo jambo letu linapoingia kwa adabu, limeinama. Tena sikuandika kwamba Kogo ni kipofu. Hilo ni neno la ombaomba wa sokoni. Nimeandika kwamba neema ya kuona imejitenga naye, kwa maneno ambayo hata Wazungu wengine hawana.

Weka dole gumba chini ya kila karatasi na umpe Bwana mkononi. Akiisoma atajua anazungumza na watu.

Ni mimi mpwa wako mtiifu asiyestahili kufungua kamba za viatu vyako,
Kimutai


Mau Narok
Jumapili, 20 Februari 1955

Kwa mpwa wangu,

Viatu vyangu ni vya mpira wa gari, havina kamba. Lakini nimesikia heshima yako na nimeipokea. Sisi hatujambo, baridi tu. Ndama wa Kogo amekwisha kushika malisho. Kifua kilimshika Chepngeno siku tatu, sasa amepona na amerudi kunigombeza.

Barua nilimpa Bwana Mbio tarehe kumi na nne, asubuhi, maziwa yakiwa bado yanapimwa. Alisimama pale pale zizini akaifungua. Akasoma, akatabasamu. Akasoma tena kidogo, akacheka mpaka meno ya nyuma, akanishika mkono mbele ya wakamuaji wote, akasema "Mzuri sana, mzuri sana." Akaikunja akaiweka mfuko wa shati, akaenda. Mkono wangu haujawahi kushikwa na Mzungu katika miaka ishirini na miwili ya kazi.

Nilimkimbilia Kogo nikamwambia. Sasa kila anayepita kwake anasimuliwa. Anasema, "Kimutai nilimnywesha maziwa ya ng'ombe mweupe, ndiyo maana mdomo wake umekubalika." Ameacha hata kufunga vitu vyake. Wazee wengine wanafunga, yeye anasuka kamba mpya ya ndama.

Kuna kitu kidogo nataka kukuuliza, wewe unayewajua. Mzungu husoma karatasi tatu kwa muda gani? Maana huyu hakumaliza muda wa kukamua chuchu mbili. Na macho yangu yaliona kama zile karatasi za nyuma hakuzifunua. Labda wao wanasoma kwa namna nyingine. Nijibu ili moyo utulie. Kumbuka barua zetu karani huzileta kutoka Njoro Jumamosi tu.

Mjomba wako,
Kemboi


Nakuru
Jumapili, 27 Machi 1955

Mjomba wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa Chepngeno na kwa Kogo. Mimi ni mzima, isipokuwa homa kidogo ilinishika, halafu ofisini kukawa na kazi ya kufunga madaftari, halafu stempu zikaniishia. Nisamehe kwa kuchelewa. Mvua za kwanza zimenyesha hapa. Ziwa limejaa ndege.

Mjomba, nimeona afadhali tuandike barua nyingine. Ile ya kwanza haikuwa mbaya, ila hii ni fupi, na Bwana yule ni mtu wa haraka. Iko humu ndani, ina mistari mitano. Ukiipata mpe siku hiyo hiyo, usingoje Jumatatu. Mpe hata kama anakula.

Usiniulize sana kwa nini. Mpe tu.

Kimutai


Mau Narok
Jumanne, 5 Aprili 1955

Kwa Kimutai,

Salamu za hapa. Chepngeno ni mzima. Mimi ni mzima. Mvua imeshika na barabara ya Njoro ni tope tupu. Ng'ombe wapo.

Lori lilikuja Alhamisi, tarehe thelathini na moja. Barua yako ilikuja Jumamosi, tarehe mbili.

Nitakueleza kama ilivyokuwa. Bwana Mbio hakuwapo, alikuwa Nakuru. Alikuja dereva na karani na orodha. Walianza na mama Chepchirchir wa zizi la kondoo, wakaja kwangu. Nikamwambia karani, huyu ana barua, Bwana amekubali, alinishika mkono. Karani akatazama orodha, akasema jina halimo. Nikasema, barua, barua ya karatasi tatu. Akasema barua zote anazo Bwana, na hakupewa neno lolote. Nikataka kukimbia mbele ya lori. Chepngeno akanishika shati.

Kogo ndiye aliyekuwa mpole. Alisema, "Kuna kosa kidogo, litasemwa huko mbele. Mimi nina barua." Akapanda na kibuyu chake cha maziwa na ile kamba ya ndama mkononi. Mvua ilikuwa inanyesha na lori halina turubai. Kila aliyemsikia akilia alimwambia hivyo hivyo, kwamba yeye ana barua.

Jumamosi ilipokuja hii yako fupi, niliikimbiza mpaka nyumba kubwa. Bwana alikuwa kwenye ngazi, anataka kuondoka. Akaisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena. Halafu akavua kofia, akakaa chini kwenye ngazi, Bwana Mbio akakaa. Akamwita karani anitafsirie maneno yake. Alisema: "Kwa nini hukuniambia?"

Nikamwambia karani amwambie kwamba nilimwambia tangu Februari. Akaingia ndani akaitoa ile ndefu, akaitazama, akaifunua mpaka karatasi ya tatu kwa mara ya kwanza. Kisha akaandika cheti pale pale: mama yangu arudi, akae kwangu mpaka mwisho wa siku zake. Barua zote mbili akanirudishia. Nilimuomba karani anisomee hii fupi kwa Kiswahili, nikaishika kichwani:

"Mama yangu ni kipofu. Mwisho wa Machi ataondolewa hapa. Hana mtu mwingine ila mimi. Nimekukamulia maziwa, na kumkamulia bwana aliyekutangulia, miaka ishirini na miwili. Naomba akae kwangu."

Ni hayo tu. Mimi sijui Kiingereza, lakini hayo ningeweza kuyasema mwenyewe, kama ningalijua kwamba ndiyo yanayotakiwa.

Ijumaa naondoka kwenda Sotik kumtafuta, nikishapata pasi ya njia. Kabla sijaondoka nakuuliza jambo moja. Barua yangu ya Februari uliipata mapema, najua, maana dereva wa maziwa alinishuhudia kwamba aliikuta mezani kwako mwanzo wa Machi. Mwezi mzima wa Machi uliufanyia nini? Na haraka ya Bwana huyu nilikuandikia tangu Januari, ni nini kilichokukumbusha mwisho wa Machi? Mficha uchi hazai, Kimutai.

Kemboi


Nakuru
13 Aprili 1955

Mjomba,

Salamu. Nimefurahi kusikia kwamba cheti kimepatikana. Dereva wa maziwa atakuletea blanketi moja la sufu na sukari, ni vya Kogo. Blanketi ni zito, litamfaa kwa baridi ya Mau. Rangi yake ni nyekundu, najua haoni, lakini mwambie ni nyekundu.

Habari za Machi nitakuambia tukionana. Homa ilinirudia.

Kimutai


Mau Narok
Jumapili, 1 Mei 1955

Kimutai,

Salamu za nyumba. Tuko.

Kogo ametutoka tarehe ishirini na tatu Aprili. Tumemzika huko huko Sotik.

Nilimtafuta siku nne. Lori lilikuwa limewashusha sokoni, kila mtu akaambiwa aende kwao. Yeye alikaa chini ya paa la duka siku mbili akimngoja mtu wa kuja na neno la ile barua. Mama mmoja anaitwa Chepkorir, hana undugu nasi hata wa mbali, alimchukua akamweka kwake. Nilimkuta pale, kifua kimemjaa. Nilimwambia kwamba cheti kipo, utarudi kwa ng'ombe wako. Alisema, "Nilijua. Si niliwaambia?" Hakuwa na nguvu ya kubebwa mpaka barabarani, basi tukangoja apate nafuu. Hakupata.

Siku moja kabla hajatutoka aliniuliza, zile karatasi nyingi za Kimutai zilisema nini. Nilikuwa nazo mfukoni. Chepkorir ana jirani mwalimu wa shule ya misheni, bwana mmoja Khisa, mtu wa kutoka Bungoma. Tukamwita. Alisoma polepole, anatafsiri kila mstari, na mara nyingine anasimama kukuna kichwa. Kogo alisikiliza karatasi yote ya kwanza ameshika mkono wangu. Ulipouliza afya ya mama yake Bwana, alitikisa kichwa kwa kukubali. Akasema, "Ameamkia vizuri. Huyo ndiye mtoto niliyemfundisha."

Alilala mwalimu akiwa kwenye karatasi ya pili. Karatasi ya tatu hakuisikia naye.

Blanketi lilikuja baada ya mimi kuondoka. Liko hapa, halijafunguliwa.

Kemboi


Nakuru
9 Mei 1955

Nilicheka.

Uliniuliza Machi niliufanyia nini. Siandiki salamu, kwa sababu mara ya mwisho nilipozikusanya ziliua mtu.

Tarehe nane Machi, Jumanne, Bwana Mbio wenu alikuja ofisini kwetu kuandikisha vibarua. Alipomaliza alitoa barua mfukoni akamwambia mkubwa wetu wa ofisi, Mzungu mwenzake, "Sikiliza kitu cha ajabu nilichopewa na mkamuaji wangu." Akasoma karatasi ya kwanza kwa sauti, kama mtu anayeigiza. Mkubwa alicheka mpaka akafuta macho. Makarani wakacheka. Mimi niliyajua maneno yale kabla hajayatamka. Kila neno lililowachekesha nililitafuta mwenyewe katika kamusi, na nilikuwa nimejipongeza kwa kila moja. Mkubwa akauliza barua inataka nini. Bwana Mbio akasema, "Hakuna, ni shukrani tu za mzee, anatusalimia mimi na mama yangu." Halafu mkubwa akageuka kwetu, akauliza ni nani kati yetu anayeandika namna hii. Kila mtu akakana. Nilipofikiwa mimi, Mjomba, nilicheka. Nilicheka kwa nguvu kuliko wenzangu. Bwana Mbio akaionyesha alama ya dole gumba lako chini ya ile karatasi ya kwanza, nikaicheka na hiyo.

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Ningesema, "Bwana, funua karatasi ya tatu." Ni maneno machache na nilikuwa nayo. Nilikaa nayo. Niliogopa kwamba wataniuliza kuhusu taipureta. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu ya kweli ni kwamba sikutaka wajue ile barua ni yangu.

Siku zilizofuata niliandika barua mpya na kuirarua. Kila nilipoanza nilirudia maneno yale yale marefu, maana mafupi yalikuwa yananitazama. Kuandika "kipofu" ni kumwona. Nilipokuwa nikimfunika kwa maneno marefu ya kamusi, hakuwa Kogo tena, alikuwa kazi nzuri ya karani.

Tarehe ishirini na sita nilimpelekea Bwana Nyongesa nakala ya ile ndefu. Nilisema ni ya rafiki. Alichukua penseli nyekundu akakata salamu zote, akakata sifa zote. Akanieleza kama mwalimu: "Neno lisilobeba kitu ni abiria asiye na tikiti. Mshushe." Kila alipokuta neno kubwa aliuliza, "Rafiki yako anamaanisha nini hapa?" Nikamwambia kipofu. Akasema, "Basi si aseme kipofu." Alipofika mwisho yalibaki maneno yanayotosha mistari mitano. Akanitazama muda mrefu, akasema, "Huyu rafiki yako afanye haraka." Nadhani alijua. Barua nzuri ilichukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, Mjomba, na Jumamosi mbili za posta zilikuwa zimekwisha kupita.

Nilikuambia nilikuwa na homa. Sikuwa na homa. Stempu nilikuwa nazo.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mjukuu ndiye mimi. Sitakuja kwenye matanga. Sina uso wa kuleta. Kamusi nimeitupa chooni.

Kimutai


Mau Narok
Jumapili, 29 Mei 1955

Kwa mpwa wangu Kimutai, mtoto wa dada yangu,

Salamu za nyumba hii, kuanzia mlangoni mpaka mekoni. Mimi ni mzima ingawa mgongo unauma. Chepngeno ni mzima, na hili nitakalosema sasa amelisikia kwanza. Ngano imeota kidole kimoja. Mvua ni nzuri, haina mawe mwaka huu. Ng'ombe hawajambo wote, isipokuwa yule mweupe wa Kogo. Amegoma kukamuliwa. Amezoea mkono unaopapasa. Mimi nikikaa na kushika moja kwa moja, anapiga teke ndoo. Sasa nafumba macho ndipo anakubali. Wakamuaji wananicheka, na mimi nawaacha wacheke.

Barua yako ya tarehe tisa nimeirudisha humu ndani. Sitakaa nayo. Haina salamu, na mimi si Mzungu. Mtu wangu akinijia na msiba lazima aniamkie kwanza, nimwamkie, tuulizane ng'ombe, ndipo tulie pamoja. Usinikatie maneno kama anavyokata yule Bwana Nyongesa wako. Ile penseli nyekundu ni ya barua za ofisini. Kwangu mimi kila abiria ana tikiti.

Lakini niliisoma, sitakudanganya. Niliisoma nikiwa zizini, nikaenda kukaa nyuma ya ghala. Kwamba hukujua Mzungu anasoma karatasi moja tu, hilo ni langu pia, maana mimi niliona kwa macho yangu hakufunua, nikachagua kuamini mkono wangu ulioshikwa. Nilipenda kushikwa ule mkono. Hilo tutabeba wawili. Kwamba ulicheka dole gumba langu, hilo ni lako peke yako. Linaniuma leo na nafikiri litaniuma mwaka ujao. Siku nikikuona nitakutazama mdomo nikumbuke. Sijui dawa yake, na wewe usiniombe niseme imekwisha.

Matanga ni Jumamosi ya tarehe kumi na nane Juni, tutachinja. Utakuja. Anayekaa mbali na matanga kwa sababu ya aibu anamfanyia aliyekufa kosa la pili. Chepngeno amesema ukikosa kuja atakufuata mwenyewe Bondeni, nawe unamjua. Blanketi tumelifungua. Amepewa Chepkorir wa Sotik, na nilimwambia ni jekundu.

Nunua kamusi nyingine. Sikutanii. Kutoka hapa shambani kuna mzee mmoja na mama wawili wengine waliopandishwa lile lori, na mmojawao ni mama Chepchirchir wa zizi la kondoo. Mguu wake mmoja umekufa, na mwanawe wa pekee ni mkamuaji wangu. Bwana Mbio amemwambia karani kwamba kila mwenye mzazi alete barua, atazisoma zote mpaka mwisho, ila ziwe kama ile fupi. Watoto wa hao watatu wamekuja kwangu. Wanasema, yule mpwa wako aandike. Sikuwaambia lolote juu yako. Wanakuheshimu bado, na hiyo ndiyo adhabu niliyokuchagulia.

Basi andika tatu. Kila moja mistari mitano. Mguu uliokufa uite mguu uliokufa. Usimsalimu Bwana wala usimuulize mama yake, sisi tutamwamkia wenyewe tukikutana naye zizini. Chini yake acha nafasi ya dole gumba.

Zikitoka posta Jumatatu zitafika Jumamosi. Usipitishe Jumamosi.

Na mimi uniandikie yangu, kando. Anza na ng'ombe.

Mjomba wako,
Kemboi arap Sang